Yai la Wilf Maltby

Saa kumi alasiri, mvua ya Februari ikigonga dirisha, Jean Dowse alikuwa anakaanga mayai jikoni kwa mama yake. Rubani wa ndege ya vita iliyozama baharini mwaka wa arobaini na nne akaingia kwa mlango wa nyuma, akajifuta viatu na kuomba radhi kwa kulowesha sakafu. Wengine watano wakamfuata. Jean aliwaambia wakalie magazeti, maana chumvi ya bahari ilikwisha kuharibu viti viwili na vilikuwa viti vya mama.

Walikuwa wakija tangu Septemba. Jean alianza kuwatafuta siku daktari alipomwambia kwamba moyo wa mama yake, Edna, hautafika Pasaka. Edna hakutaka padri wala hospitali. Alimtaka kaka yake Wilf, mpiga bunduki wa mkiani kwenye ndege hiyohiyo ya mabomu, aliyeondoka nyumbani yeye akiwa msichana wa miaka kumi na miwili. "Nimwone tu," alisema. "Nikishamwona nitaondoka bila kumsumbua mtu." Basi Jean akapiga simu Kanada, akaandika barua Wales, akakaa maktaba mpaka macho yakamuuma. Kila alipompata ndugu wa mmoja wa waliokuwa kwenye ndege ile na kujua marehemu alikuwa mtu wa namna gani, kesho yake marehemu mwenyewe alifika kwa chai, na ujana wake vilevile, amelowa chapachapa.

Sisi majirani tulikwisha kuwazoea. Kijiji chetu cha Thorsby kimepakana na uwanja wa zamani wa ndege, huku Lincolnshire, na watu wa huku si watu wa kushtuka ovyo. Mama wa duka la mikate alilalamikia matope barabarani, basi. Daktari aliiruka miguu yao akienda kumpima Edna, na siku moja alimwandikia mmoja wao dawa ya kikohozi.

Aliyekosekana alikuwa Wilf, na hapo ndipo roho ya Jean ilipokuwa ikichanika. Watu wa nje aliwapata wote, mjomba wake mwenyewe akamshinda. Ila kulikuwa na kijana wa saba, aliyekuja na wenzake akaishia getini, amesimama mvuani, kofia imemfunika mpaka nyusi. Ukimwita hajongei. Edna, aliyewekewa kitanda sebuleni karibu na dirisha, alimpungia mkono kila siku. "Wilf huyo," alisema. "Ana haya tangu utotoni. Mwacheni, atazoea."

Wale sita walikuja kwa ajili ya mayai. Wakati wa vita raia akipata yai moja kwa wiki alijiona tajiri, lakini wao walipewa kila waliporuka, moja kabla ya kwenda na jingine wakirudi. Aliyebaki chini hakuonja. Utani wao wote ulikuwa hapo. Idris, msoma ramani kutoka Wales, alikuwa akimwambia rubani, Doug, kwamba leo asiporudi yai lake litaliwa. Doug akamjibu kwamba walikufa wote kwa mpigo, mlafi mkubwa yeye, sasa angelila kwa mdomo gani. Wakacheka, maji yakawatoka puani, Jean akaleta kitambaa.

Kila siku Jean alitenga sahani ya saba. Kila siku Doug aliiondoa mezani taratibu, akamwaga yai kwenye ndoo ya taka. Jean alivumilia wiki nyingi. Kisha ikaja siku ambayo midomo ya Edna ilikuwa na rangi ya samawati tangu asubuhi, na Jean hakuwa amelala. Alimshika Doug mkono juu ya ndoo.

"Hili la Wilf. Kwa nini unalimwaga?"

Doug alitazama viatu vyake. "Hakuruka, mama. Yai ni la aliyeruka."

Basi ikabidi waseme. Alasiri ya safari yao ya mwisho Wilf alikaa kwenye nyasi kando ya gurudumu la ndege na miguu ikakataa kuinuka. Hakulia wala hakubisha. Alikwisha kuruka safari nyingi kuliko wengi wao, na miguu ikawa imesema basi. Kamanda wa kituo akawapanga watu wote mstari, akamwita mwoga mbele yao, akamng'oa alama za cheo mkononi kwa mkono wake mwenyewe. Wale sita walikuwapo mstarini, na walinyamaza. Yai la Wilf likarudishwa jikoni. Akaletwa kijana mwingine mbiombio, hata chakula hakukiwahi. Alitaja jina lake injini zikiwa zimeshawashwa, na hakuna aliyelisikia.

"Tulikuwa tunamwita 'wewe wa nyuma'," alisema Idris. "Tulidhani tutamuuliza tukirudi."

Huyo ndiye aliyekuwa getini.

Jean alimweleza mama yake ukweli wote, kwa sababu Edna hakuwa mtu wa kufichwa mambo. Edna aliweka kikombe chake cha chai kando. Kisha akasema kwamba baada ya vita mtu aligonga mlango wa nyuma, na baba yake akamjibu bila kufungua kwamba mwanawe amekufa na jina lake liko jiweni. Baba huyo, Mzee Maltby, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya jiwe la mashujaa, na jina la Wilf liliandikwa la kwanza. "Baba aliniambia ni mchuuzi," Edna alisema. "Nikakubali. Mchuuzi gani anakohoa kama kaka yako?"

Jean alikwenda kwa watu wa kamati ya sasa. Aliwaambia kwamba jiweni kuna mtu ambaye hakufa, na aliyekufa hayupo. Walimsikiliza kwa adabu, wakamwambia kwamba jiwe lilisafishwa kiangazi kilichopita na liko katika hali nzuri.

Akapanda basi mpaka Grimsby, mji wa bandari ulio karibu, ambako asiyetakiwa kwao hupata kazi ya samaki. Huko, baada ya kuulizauliza siku mbili kwenye soko la samaki, alimpata mzee mmoja aliyemkumbuka Wilf. Wilf alikuwa akiosha makasha ya samaki mpaka uzee ukamshika, akiishi chumba kimoja, mwendo wa saa moja kutoka kwa dada yake. Alipokufa, halmashauri ya mji ilimzika pembeni mwa makaburi, bila jiwe. Jean alisimama pale majanini akalia kwa sauti, kisha akarudi nyumbani akijua kwamba kesho saa kumi Wilf atakuja. Hakumwambia Edna. Aliogopa kumpa tumaini ambalo lingemuua likivunjika.

Kesho yake akaweka sahani nane. Mayai yakiwa kikaangoni alisikia sauti ya Edna kutoka sebuleni, nyembamba lakini ya amri, ikimwambia Doug akamlete yule kijana wa getini. Amesimama mvuani msimu mzima kwa ajili ya kaka yangu, alisema, hata aibu hatuna.

Doug akamwingiza akiwa amemshika bega. Edna akamuuliza jina. Kijana akafungua kinywa, yakatoka maji tu.

"Basi chukua jina la Wilf," Edna akasema. "Wewe ndiye uliyekufa nalo. Mwenyewe hatakuja tena kulidai."

Doug alichukua sahani ya saba, akamwekea kijana mapajani.

Jean alikuwa akikimbilia sebuleni kuwazuia alipoona kivuli kwenye kioo cha mlango wa nyuma. Mzee mwenye aproni ya mpira, kofia mkononi, harufu ya samaki ikipenya chini ya mlango. Alikuwa ameinua mkono abishe hodi.

"Wilf," Edna alisema kule ndani, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Jean hakuwahi kuisikia, "kula basi, kaka yangu, kabla halijapoa."

Mzee akasikiliza. Akashusha mkono, akavaa kofia, akageuka.

Jean alifungua mlango akatoka na kandambili zake matopeni. Mzee alikuwa ameshafika barabarani, anaelekea kituo cha basi, hana haraka.

"Wilf!" Jean alipiga kelele. "Mjomba! Wilf Maltby!"

Mzee hakugeuka. Nyuma ya Jean, kutoka sebuleni, kijana akaitika kwa adabu, mdomo umejaa yai:

"Naam, mama. Niko hapa."