Jumamosi ya Fundi Bado Kidogo

Fundi Bado Kidogo hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wateja, na alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Ukimpelekea kitambaa atakupima kwa adabu na kukuambia uje Jumamosi. Ukifika Jumamosi, gauni lina mkono mmoja na yeye ana tabasamu. "Bado kidogo tu, dada yangu." Ila likiisha, ukalivaa, hutamani kulivua. Hilo ndilo lililomnusuru asipigwe.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule, mtu wa saa na kengele, maana watoto mia tatu wenye njaa hawana subira na mtu. Jinsi wawili hao walivyooana, Mungu mwenyewe ndiye ajuaye. Kwa miaka kumi na saba walipanga nyumba ya vyumba vitatu kwa bibi mmoja, cherehani ikiwa barazani, na huenda wangezeekea humo wakipanga, kama yule bibi asingewaita siku moja awaambie kuwa anahamia kwa binti yake.

"Nyumba naiuza, wanangu. Kuna bwana anaitaka aibomoe, ajenge ghala. Lakini nyinyi nawapa miezi miwili kwanza muinunue. Mkishindwa, nampa yeye."

Mpishi aliingia jikoni akalia, akanawa uso, akatoka. Walikuwa na akiba, waliyokuwa wakiiweka kwa ajili ya kiwanja ambacho hawakuwahi kukitafuta.

"Kesho tunakwenda benki," alisema.

"Mama watoto, kesho nina suruali ya..."

"Kesho."

Basi wakaenda. Namba yao ilipoitwa, fundi alimwona dada aliyekaa kwenye meza ya mikopo, akageuka kurudi alikotoka. Mkewe alimdaka shati.

"Una nini?"

"Gauni lake liko kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu... si siku nyingi."

Afisa mikopo alikwisha kuwaona. "Karibuni. Fundi, gauni langu halijambo?" Fundi alijisogeza nyuma ya mkewe. "Nilitaka kulivaa harusini kwa kaka yangu," dada aliendelea. "Harusi imepita. Sasa wana mtoto, anatambaa."

Mpishi alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini afisa alicheka, akawavutia viti. "Gauni na mkopo ni mambo mawili, tusiyachanganye. Haya, niambieni habari za nyumba."

Wakamweleza. Akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua karatasi na kalamu. Aliwaambia kwamba uko mkopo wa kujenga, unaotolewa kidogo kidogo kadiri kuta zinavyopanda, lakini huo hauwahusu kwa kuwa nyumba imeshasimama. Wao walihitaji mkopo wa kununua. Akiba yao ingekuwa malipo ya awali, benki ingemlipa bibi kiasi kilichobaki, na hati ya nyumba ingekaa benki mpaka deni liishe.

"Tukishindwa kulipa?" aliuliza mpishi.

"Benki inaweza kuiuza. Sitawaficha. Sasa, riba ni za aina mbili. Kuna isiyobadilika: rejesho la mwezi wa kwanza ndilo hilo hilo la mwezi wa mwisho. Na kuna inayobadilika: inaanza chini, mnapumua, lakini soko likipanda nayo inapanda. Halafu tuna mpango mwingine. Miaka miwili ya mwanzo mnalipa riba peke yake. Deni lenyewe mnaanza kulilipa baadaye."

Uso wa fundi ulichanua. Baadaye! Maishani mwake hakuwahi kusikia jambo la benki linalomfaa namna hiyo. "Huo," alisema. "Huo ndio wetu."

"Subiri, baba watoto," alisema mkewe. "Na hiyo miaka miwili ikiisha?"

Afisa aliandika tarakimu mbili, moja chini ya nyingine, akawageuzia karatasi. Rejesho la mwaka wa tatu lilikaribia maradufu ya lile la mwanzo.

Fundi alizifuata tarakimu zile kwa kidole. Alijijua. Miaka miwili ile angeikalia kama anavyokikalia kitambaa cha mtu, siku ya siku ifike na hana hata uzi mkononi. Aibu ilimshika, tena mbele ya mteja.

"Dada," alisema taratibu, "mimi nikipewa nafasi ya kuchelewa, naichukua. Tupe ule usiobadilika. Wenye tarehe."

Mkewe alimgeukia kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

Ila kulikuwa na kikwazo. Mshahara wa mpishi ungetosha nusu tu ya rejesho. Nusu ya pili ilipaswa kutoka kwenye cherehani, na benki haiamini cherehani ambayo haijaiona. "Nitakuja kuiona kazi yako," alisema afisa. "Jumamosi hii, saa nne asubuhi."

Fundi alijiandaa. Alipaka cherehani mafuta, akafagia baraza, akapanga nguo kwenye kamba kufuata rangi, akavaa shati lililopigwa pasi. Alitaka afisa akute mahali patulivu, mahali pa mtu wa kuaminika. Jambo moja tu lilimpita: kwa mwezi mzima alikuwa akimwambia kila mteja aje Jumamosi hiyo.

Saa tatu na nusu alifika mama wa sare za kwaya. Akafuata kinyozi na suruali yake, kisha mwalimu mkuu, kisha bibi harusi mtarajiwa akiwa na shangazi zake wawili, na shangazi ndio waliokuja kwa shari. Afisa alipotokea, baraza lilikuwa limejaa, kila mtu akisema kwa sauti yake.

"Mara ya nne hii, fundi!"

"Harusi ni wiki ijayo, au unataka aolewe amevaa bitana tu?"

Fundi alisimama katikati na futi shingoni, jasho likimtiririka. Aliiona nyumba ikibomolewa tofali kwa tofali, na kosa ni lake peke yake.

Afisa alipita kwa wateja mmoja mmoja, akiuliza kwa upole, akiandika.

"Anachelewa?"

"Anachelewa huyu, usiulize!" alisema shangazi mkubwa.

"Mbona hamwendi kwa mwingine?"

Shangazi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula. "Kwa nani? Nani mwingine anajua kushona?"

Mwalimu mkuu alikubali. Kinyozi alisema ana miaka tisa akimlaani fundi huyu na hajawahi kushonewa na mtu mwingine. Afisa alihesabu vichwa, akahesabu nguo kwenye kamba, akafunga daftari.

"Fundi, nimeshakagua biashara nyingi zenye utulivu," alisema. "Nyingi zina utulivu kwa sababu hazina wateja. Kamati itaamua, lakini nitaandika nilichokiona."

Wiki tatu baadaye kamati ilikubali. Waliweka sahihi wote wawili, bibi akalipwa, akawakumbatia, akapanda gari la binti yake akipunga mkono mpaka kona.

Mpishi alirudi ndani, akatoka jikoni na nyundo na msumari. Kwa miaka yote ile bibi hakuruhusu ukuta utobolewe. Kila kitu chao kilikuwa sakafuni, juu ya kabati au kimeegemezwa.

"Tunatundika nini?" aliuliza fundi.

"Sijui. Wewe piga."

Akapiga. Fundi wa sindano si fundi wa nyundo: msumari ulipinda, na pande la plasta ukubwa wa sahani likamwangukia mguuni. Wakatazamana. Kisha mpishi akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini na machozi yakamtoka, akiliokota lile pande la plasta na kulipakata.

"Yetu," alisema. "Hii nayo ni yetu. Piga mwingine."