Hodi ya Nne

Suhail alikufa akiwa na miaka ishirini na tisa, akaacha mama, dada, na gemu la kompyuta ambalo halijaisha. Dada ndiye Tahiya, mwalimu wa chuo cha Kurani pale Malindi, Unguja, ambaye watoto wakimwona tu anachomoza kichochoroni hunyoosha kofia zao. Mwanamke huyu, ambaye hata simu huishika kama amana ya watu, sasa alikuwa na siku arubaini na mbili anacheza gemu. Angeambiwa mwaka jana, angecheka.

Gemu lenyewe liliitwa Bamvua, kama yale maji makubwa ya kujaa na kupwa. Siku moja maji yanatoka pwani zote za Unguja, na hayarudi. Jua linachomoza, lakini kivuli cha kila kitu kinalala kuelekea baharini. Huko palipokuwa na maji kuna kitu kinaamka, kikubwa hata kikigeuka nyota zinapungua. Suhail hakukipa jina, alikiita Kile. Mchezaji huchagua njia yake: akajifiche Kidichi kwenye mahamamu ya kale, au aende Paje, ambako vijiti vya mwani vinatembea mchangani bila mtu, au Kizimbani, ambako karafuu zimechanua na kila ua linamtazama. Achague apendavyo. Njia ni nyingi, na kila moja mwisho wake ni Kile kumfikia.

"Nimekuwekea njia yako mle ndani, na sauti yangu," Suhail alimwambia hospitali, kwa pumzi za kuokoteza. "Wewe tu ndo utaipita."

Tahiya alimjibu apumzike, mambo ya gemu baadaye. Jibu hilo ndilo lililokuwa likimchoma mpaka leo. Kwa sababu hakuwa na sauti ya kaka yake popote. Kila ujumbe aliotumiwa alikuwa akiusikiliza na kuufuta, simu isijae. Alitamani amsikie kaka yake, hata akimtania, hata akimkaripia.

Na leo ilikuwa siku ya mwisho. Wakil, aliyelijenga gemu pamoja na marehemu, angekuja baada ya Alasiri kuichukua kompyuta, kama wasia ulivyosema.

"Ntalisafisha kwanza, dada," alisema kwenye simu. "Kuna mlango mmoja haufunguki. Huo ntauondoa."

Tahiya aliujua mlango huo. Katika gemu kulikuwa na nyumba ya Malindi, mfano wa nyumba yao hasa, mpaka msumari wa shaba uliong'oka mlangoni, upande wa kushoto. Mchezaji akifika pale anaweza kupiga hodi. Tahiya alikuwa ameshapiga zaidi ya mara thelathini. Hodi, hodi, hodi, kisha kimya, naye huondoka akaenda kuliwa kwingine. Angefanya nini? Hodi ni tatu. Usipoitikiwa, unarudi. Ndivyo anavyowafundisha watoto, na hata Wakil, aliyezaliwa hapa hapa, alikuwa akirudi.

Alisali Alasiri harakaharaka, Mungu amsamehe, akarudi kwenye kiti. Akasimama mbele ya mlango ule kwa mara ya mwisho. Hodi. Hodi. Hodi.

Kimya. Alishageuka aondoke, jicho likakwama pale penye msumari uliokosekana. Nani aliung'oa? Yeye mwenyewe, kwa mchi uliokuwa umeachwa barazani, akiwa na miaka saba, siku Suhail alipomfungia nje na hodi tatu zisimtoshe. Mama alimpiga kofi kwa utovu wa adabu. Suhail alikuwa nyuma ya mlango anacheka: "Msamehe, Mama, huyo hajui kuhesabu."

Tahiya akapiga hodi ya nne.

Mlango ukafunguka. Ndani palikuwa na mkeka, na dirisha lililofungwa.

"Karibu, mkosa adabu," alisema Suhail. "Nlijua tu. Wenye adabu zao wote wanarudi. Haya, kaa. Humu Kile hakiingii."

Tahiya akajiziba mdomo kwa ukaya wa buibui, machozi yakamtiririka, wala hakuyafuta.

Chini ngazini mtu akaita, "Hodi." Alikuwa Wakil. Tahiya hakuitika. "Hodi." Akabaki amekaa. "Hodi, wenyewe." Kisha viatu vikasikika vinarudi uchochoroni. Kijana ana malezi mazuri. Kesho angekuja tena, angepewa kompyuta yake, na angeombwa mlango ule auache.

"Tahiya?" sauti iliita kutoka kwenye kompyuta.

"Naam, kaka."

Kikapita kimya, cha kadiri ya jibu. Suhail alikuwa amemwachia nafasi.

"Haya," alisema. "Nlitaka kujua tu kama upo."