Upande Unaogusa Ngozi

Jiwe lilipasuka kimya kimya. Otilia hakusikia chochote. Alihisi tu waya ukiteleza ghafla mbele ya plaizi, baada ya kugoma muda wote ule. Alipoliinua jiwe kwenye mwanga wa dirisha, aliona ufa mwembamba kama unywele, ukitoka kwenye tundu na kufika katikati ya mgongo wa jiwe. Kipande cha ukingo, kidogo kuliko chembe ya mchele, kilikuwa kimedondokea kwenye sketi yake.

Na jiwe halikuwa lake.

Lilikuwa la Kija, binti wa Kisukuma aliyeuza mchele wa Mtowisa pale soko la Sumbawanga, meza yake ikipakana na meza ya mitumba ya Otilia. Ilikuwa akiki nyekundu, ukubwa wa punje ya harage, ambayo bibi yake mzaa baba alimfunga shingoni siku alipompa jina. Sasa bibi huyo alikuwa mgonjwa huko bondeni Mtowisa, macho yameshakwisha, na alikuwa ametuma watu wamwite Kija kabla hajaondoka duniani. Lori lingeshuka saa saba mchana wa siku hiyo hiyo.

"Uzi tu, mwenzangu," Kija alikuwa amemwambia jana yake. "Huu umechakaa. Nisije nikafika kwa bibi shingo tupu, akaniona nimewatupa."

Uzi tu. Lakini Otilia alikuwa mtu wa kutoridhika na uzi.

Tangu duka la serikali alikokuwa karani lilipofungwa, mikono yake ilikosa pa kukaa. Mchana alipanga mashati ya mitumba, ila akili yake ilikuwa kwenye mikufu iliyokatika ambayo wakati mwingine ilijificha chini ya robota, katikati ya nguo za watu wa mbali asiowajua. Nyingi zilikuwa plastiki. Alizigusisha mdomoni moja moja: plastiki hupata joto upesi, jiwe hubaki na ubaridi wake. Za mawe aliziweka kwenye kopo. Waya aliupata kwa Ignasi, fundi wa kusuka upya mota zilizoungua za mashine za kusaga, aliyempa mabaki ya shaba na kumtania kwamba siku moja mashine itagoma kusaga mahindi, kumbe Otilia ameivaa masikioni.

Hakuwa akiuza. Alitengeneza hereni, akazitazama, akazifumua, akatengeneza tena. Mama yake, Silvana, aliuita mchezo huo "ugonjwa wa vidole".

Kwa hiyo Kija alipoleta akiki yake, Otilia alitaka kumpa kitu ambacho hakitakatika maisha. Alichagua shaba nene. Tundu lilikuwa jembamba katikati, naye alijua, vidole vyake vilimwambia. Akasukuma tu.

Alikiokota kile kipande kwa ncha ya kidole kilicholowa mate, akakitia ndani ya kiberiti kitupu. Akasimama. Akaketi. Akaenda mlangoni kutazama njia, akarudi. Nje upepo wa Julai ulipiga mabati na mama yake alikuwa ameinama juani, sweta mbili mwilini, akichambua maharage.

"Mbona unatembea tembea kama kuku anayetafuta pa kutagia?" Silvana aliuliza bila kuinua kichwa.

"Baridi, mama."

"Jiko linawaka hapa. Baridi ipi?"

Otilia akarudi dirishani. Wazo lilikuwa limeshamwingia, nalo lilimtia haraka ya ajabu. Angelifunika jiwe. Wavu wa shaba pande zote, mizunguko imebanana, mbele madirisha madogo ya kuonyesha wekundu, na nyuma, penye ufa, kufungwa kabisa. Ncha zote za waya angezikunja na kuzificha huko huko nyuma, kama anavyofanya siku zote, maana kazi nzuri haionyeshi ilipoishia. Nani angejua?

Akafanya kazi huku moyo ukimwenda mbio. Vidole vilitulia viliposhika waya, na hilo lilimuudhi, kwamba mikono yake inaweza kuwa hodari kiasi hicho katika jambo kama hili. Shaba ilizunguka, ikazunguka, ikameza ufa. Alipomaliza, kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Alikitazama mara moja tu, akakiweka kando.

Kija alifika akiwa na begi la nguo na kifurushi cha sukari na majani ya chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bibi anaendeleaje?"

"Wanasema anakula uji kidogo. Ananiulizia." Akamgeukia Otilia. "Haya, we Mfipa, nipe jiwe langu. Dereva wa leo hana huruma, anaondoka hata kama mguu wako mmoja uko chini."

Otilia akatoka nje, akamwekea kiganjani. Kija akacheka kwa mshangao.

"Ee! Na mimi niliomba uzi! Watu wa Mtowisa watadhani nimeolewa na mwenye mgodi." Akaligeuza huku na huku kwenye jua. Kisha akaligeuza tena, na kicheko kikapungua. Alipitisha kidole gumba nyuma, polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Mgongo wake uko wapi?"

"Upo ndani," Otilia alisema. "Shaba inaulinda."

"Hapana. Mgongo unakaa kwenye ngozi. Kwetu nyumbani ndivyo lilivyofungwa. Na bibi haoni, Otilia. Ataingiza kidole gumba hapa shingoni, atalisugua mgongo, ndipo atajua ni mimi. Akikuta waya atasema wamemletea mtu mwingine." Akamrudishia. "Fungua nyuma. Mbele ni kuzuri, acha hivyo hivyo."

"Shaba ikishakunjwa inakuwa ngumu. Nikiifumua itakatika."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilimtoka kirahisi.

"Ikatike."

"Na lori je?"

"Lori ni langu, siyo lako. Fungua."

Otilia alichukua plaizi. Akaishika ncha ya kwanza iliyofichwa, akaivuta kidogo, akaacha. Kija alikuwa amechuchumaa mbele yake, macho yamemtulia usoni kwa imani, anasubiri tu. Kama angekuwa amemkasirikia ingekuwa nafuu. Otilia akaweka plaizi chini, akaenda kwenye rafu ya ndani, akarudi na kile kiberiti. Akakifungua na kukiweka juu ya goti la Kija.

Kija alikitazama kile kipande chekundu. Silvana aliacha kuchambua maharage.

"Umelipasua," Kija alisema.

"Nililazimisha waya mnene. Halafu nikataka usijue."

"Ndiyo maana kazi yote hii."

"Ndiyo maana."

Upepo ulisukuma mlango, ukagonga ukuta, ukarudi. Kija hakupaza sauti. Alivuta pumzi, akaitoa, akasema kana kwamba anaongea na kiberiti, "Bibi alilifunga kwa uzi wa katani, likakaa miaka yote. Wewe umekaa nalo usiku mmoja." Kisha, "Fungua nione."

Otilia akakata. Shaba ilikatika vipande vipande kama alivyosema, na uzuri wote ukamwagika kwenye sketi yake. Jiwe likabaki uchi, na ufa wake. Kija akalibana kati ya vidole viwili, likashikilia.

"Halijaachana," alisema. "Kibuyu cha maziwa kikipasuka kwetu hakitupwi. Kinashonwa. Lakini mshono unakaa nje, ndani panabaki laini, la sivyo maziwa yananuka. Shona hivyo."

"Ncha zitaonekana mbele."

"Zionekane."

Kulikuwa na kipande kimoja tu cha shaba nyembamba kilichobaki. Otilia alikiweka juu ya makaa ya jiko la mama yake mpaka kikawa chekundu, maana shaba iliyopita motoni hulainika, akakizimisha kwenye maji. Safari hii hakupitisha kitu tunduni. Alilizungushia jiwe shaba ukingoni, akaacha kitanzi kidogo juu, akakaza mara mbili palipo na ufa, akainua vikono vinne vifupi kuja mbele na kuvikunja juu ya wekundu. Ncha zikabaki pale usoni, wazi, zimejipinda kama kucha za jogoo. Nyuma palikuwa patupu. Alijisugulia jiwe shavuni kuhakikisha. Palikuwa pa baridi, na ufa ulisikika kidogo, kama mstari wa kalamu.

"Baya," alisema.

"Ni baya," Kija alikubali. Akalipitishia uzi mpya kwenye kitanzi, akalifunga shingoni, akaingiza kidole gumba na kufumba macho. "Ataukuta huu ufa. Ataniuliza."

"Mwambie ni mimi."

"Mimi?" Kija alifumbua macho. "Nimwambie bibi, mtu anayekaribia kufa, kwamba kuna Mfipa fulani huko juu? Utamwambia mwenyewe. Inuka, vaa viatu."

Otilia akamtazama mama yake. Silvana alikuwa ameshaanza kujikung'uta maganda kwenye kitenge. "Mezani sokoni nitakaa mimi," alisema. "Na hivyo vidole vyako peleka mbali siku mbili tatu, nipumzike."

Walikimbia. Lori lilikuwa linaunguruma, limepakia chumvi, sabuni na kreti za soda, na dereva alisema maneno yake ya kawaida kuhusu wanawake na saa. Walipanda juu ya magunia. Mashamba ya ulezi yalipita, kisha barabara ikafika ukingoni na bonde zima la Rukwa likajitandaza chini, jeupe kwa joto. Kwenye kona ya tatu Otilia alivua sweta. Kwenye ya tano alikuwa anatokwa jasho. Alipanga maneno kichwani, akayapangua. Shikamoo, bibi. Mimi ndiye. Mikono yake haikuwa na cha kushika, akaitia mfukoni, akakuta plaizi, hakukumbuka kuichukua.

Kija alikuwa akijigusa shingoni kila lori liliporuka.

"Linakwaruza?" Otilia aliuliza.

"Mbele linakamata blauzi."

"Geuka nizikunje hizo ncha. Dakika moja."

Alikuwa ameshaitoa plaizi mfukoni. Kija aliitazama, akaitazama barabara yenye mawe, kisha akaifunika akiki kwa kiganja.

"Acha," alisema. "Kwanza aguse."