Kago Mbele ya Kamera

Kuku wa nne wa Bi Mize alipotoweka, kijiji cha Kengeja hakikuhitaji polisi. Mshitakiwa alijulikana: Hafiz, mwanafunzi wa dahalia aliyerudi likizo, ambaye Idi iliyopita aliwaonesha watu kwenye simu picha ya shetani amekaa juu ya tangi la maji. Shetani mwenyewe alikuwa mjomba wake kajifunika shuka. Waliokimbia hawakuwa wamesamehe.

Hata Hamzah, rafiki yake tangu chuo cha Kurani, aliacha kumpitia jioni. "Mama kanambia nikae mbali na weye," alisema akitazama viatu vyake. "Akipotea kuku mwengine, waje waniulize mie?"

Basi Hafiz akawa anacheza bao peke yake, na kwa haki kabisa akajishinda mara tatu.

Alibakiwa na silaha moja: kamera ya mtego aliyoazimwa na mwalimu wa biolojia, inayojipiga yenyewe kinapopita kitu chenye joto. Aliifunga kwenye mfenesi wa mpakani mwa kwao na kwa jirani yao Bi Mize, ikitazama banda la kuku. Kwenye mfenesi huohuo Bi Mize alikuwa amekwisha kutundika kago, kitambaa cheupe kilichosomewa, kimeelekezwa kwa akina Hafiz kama bendera ya chama wakati wa kampeni. Atakayekigusa, tumbo litamvimba.

Picha za mchana zilitoka safi: kuku, kuku, Bi Mize, kuku. Za usiku zilikuwa weupe upande mmoja, giza upande wa pili. Hafiz akabadilisha betri. Weupe. Akadhani ni umande, akafuta kioo kwa upindo wa shuka. Weupe. Akaifuta kadi yote na kuanza upya. Weupe, na kuku wa tano hayupo.

Siku ya nne alikaa chini ya mti akizilinganisha picha, ndipo akagundua kuwa ule weupe una mshono. Mchana kitambaa kilining'inia pembeni tu, hakina neno. Usiku mwanga wa kamera ulikipiga kwa karibu ukarudi wote, na kamera, ikidhani kumekucha, haikujisumbua na yaliyo nyuma.

Mwengine angekisogeza kitambaa. Hafiz alikuwa Mpemba kwanza, mwanasayansi baadaye. Akaihamisha kamera kwenye mdimu.

Asubuhi yake ngawa, yule mnyama wa mwituni mfano wa paka, alikuwamo, kuku mdomoni, madoa yake yakihesabika. Hafiz akaitia picha kwenye simu, akaenda mbio bila ya kunywa chai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuwahesabu waliobaki?"

Akamwonesha.

"Hata yule shetani wako alitoka vizuri," alisema Bi Mize. Kisha akaisogeza simu karibu na macho.

Nyuma ya ngawa, mlango wa banda ulikuwa wazi. Nyuma ya banda, taa ya baraza iliwaka, na Bi Mize alikuwa ameketi, saa nane ya usiku, kapakata kuku aliyefunikwa kanga kama mtoto. Mdomo wake ulikuwa wazi. Alikuwa akizungumza naye.

"Tangu binti yangu Ghania aolewe Maskati," alisema taratibu, "usingizi haunijii. Humtoa mmoja, nikasahau kufunga." Akamrudishia simu. "Mwengine kaiona?"

"Bado. Nataka nikamwoneshe Hamzah."

"Ifute, mwanangu."

Hafiz aliitazama ile picha, na jina lake lote lililokuwa ndani yake. Simuni mwake bado mlikuwa na picha za watu wazima wakikimbia na kiatu kimoja, na hizo hakuwahi kufikiria kuzifuta. Akabonyeza.

Kuku hawakupotea tena. Bi Mize alilitungua kago kwa mkono wake, na Kengeja ikatoa hukumu ya mwisho: kago limefanya kazi, mwizi ameogopa. Hamzah hakupita.

Usiku Hafiz aliiona taa ya baraza ya jirani ikiwaka. Mlango wa banda ulikuwa umefungwa. Alikaa kwenye kizingiti cha kwao, upande wa pili wa mfenesi, akisikiliza sauti ya Bi Mize ikimsimulia kuku habari za Maskati, na asijue la kusema ili akaribishwe barazani.