Goti la Kusalimia

"Mwambie mayu nimelala," Melania alimnong'oneza mumewe, bodaboda iliyomleta mama mkwe ilipozima uani.

"Asubuhi yote hii?" Boaz akacheka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Kupona kungemfaa Melania kweli. Miaka ya kuchuchumaa akiponda mawe ya dhahabu hapa Geita ilikuwa imelivimbisha goti lake la kulia. Na kwao Usukumani mke humsalimia mkwe kwa kupiga magoti. Mama mkwe Asteria alikuwa ametoka Shinyanga kuja kuwatembelea kwa mara ya kwanza tangu harusi. Angepokewa na mkwe aliyesimama wima?

Daktari alishamweleza. Goti likiumia, mwili hutuma wajumbe, kemikali ndogo zisizoonekana kwa macho, kuita msaada. "Wajumbe wako wamekataa kunyamaza, mama. Wanaita tu, goti linavimba, na kelele zao zinaamsha vimeng'enya vinavyokula gegedu, ule mto laini unaozuia mifupa isisagane. Usipige magoti tena." Melania aliitikia. Lakini habari za wajumbe angeanzaje kumsimulia mkwe?

"Hodi!"

Akatoka. Akashika ukuta, akauma meno, akashuka. Machozi yalimtoka kabla goti halijagusa ardhi.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Haya, inuka nikuone."

Alijaribu. Akajaribu tena, akabaki pale pale na aibu yake.

"Nisamehe, mayu. Goti linaniua. Niliogopa utasema Boaz ameoa mwanamke asiye na heshima."

Asteria akaweka kikapu chini, akamtazama. Kisha, huku akiguna na kuulaumu mgongo wake, naye akashuka taratibu mpaka wakawa uso kwa uso. Akakiweka kiganja juu ya goti lile la moto, polepole, kama anayembembeleza mtoto alale.

"Heshima ya kukuvunja mimi siitaki," alisema. "Kuanzia leo utanisalimia umekaa."

Melania alimpenda mama huyu saa ile ile.

Asteria akajaribu kuinuka. Akashindwa.

"Haya sasa. Na langu limegoma."

Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka kuku wakatawanyika.

"Nimwite Boaz atuinue?"

"Mwache kwanza."

Wakanyoosha miguu juani, bega kwa bega, kiganja cha mama kikiwa bado juu ya goti.