Ng'ombe Wanaoitwa Jioni

Idadi ya ng'ombe wa baba yangu sitakutajia, wala usinizungushe. Najua mimi ni mhasibu, na kutaja idadi ndiko kunakonilisha. Niulize thamani ya mashine yoyote ya kukoboa mpunga pale Lumemo, nitakupa mpaka senti ya mwisho. Hiyo ya baba niachie.

Kwetu kitu chenye uhai hakihesabiwi. Baba, mzee Ngusa, alitoka Usukumani na mifugo yake kabla sijazaliwa, akateremka nayo hadi bonde la Kilombero, akajenga nje kidogo ya Mbingu, mahali ambapo masika maji huja kulala karibu na boma na kiangazi hurudi kwao mtoni. Sisi wanawe hakutuhesabu. Ukimwuliza ana watoto wangapi anakujibu, "Wapo." Ng'ombe nao ni hivyo hivyo. Ukiwahesabu, umekionyesha kifo njia ya kwako.

Usidhani basi kwamba alikuwa haijui mifugo yake. Kila jioni alisimama mlangoni pa zizi, ameushika mti wa kufungia, na kila ng'ombe aliyepita alimwita kwa jina. Treni. Binti Maswa. Mawingu. Mchumba. Mimi nilikuwa nyuma ya kundi na fimbo yangu, kope zimejaa vumbi, na majina yale yalinifikia taratibu, kama ya mtu anayesema usingizini. Jioni nyingine sikujua kama natembea au naota. Na akikosekana mmoja, baba alijua kabla kundi halijaisha kupita. Alinyamaza pale jina lake lilipotakiwa kuwa. Nilikichukia kimya kile, maana ndicho kilichonirudisha porini kumtafuta mtoro huku nikilia.

Huo ndio uhasibu wangu wa kwanza. Nilipofika chuoni Morogoro, mwalimu akatueleza kwamba kilichotoka huku lazima kionekane kimeingia kule. Wenzangu wakaanza kuandika mbio mbio. Mimi nilifumba macho nikaliona zizi. Kuna waliotoka asubuhi na kuna waliorudi jioni, na tofauti ina sababu yake: kazaliwa, kafa, kauzwa, kaachwa kwa jirani. Nikacheka peke yangu, mwalimu akanitoa nje. Na mtihani wa kwanza nilianguka vizuri tu, kwa sababu kuliona zizi ni jambo moja na kujibu swali ni jingine.

Ada alilipa baba. Kila muhula ulipoanza, ng'ombe alikwenda mnadani. Hakuwahi kunitajia ni yupi, na mimi sikuuliza. Jioni ya kwanza ya likizo nilisimama kando ya zizi nikasikiliza. Baba aliita, aliita, kisha akanyamaza kidogo, kisha akaendelea. Hapo nilijua kwamba Sabuni, yule mweupe aliyekuwa akinilamba kisogo, amekwenda. Likizo iliyofuata kimya kiliongezeka mahali pengine.

Baada ya chuo nilihangaika. Niliuza vocha, niliandika stakabadhi kwenye ghala la mpunga, nilifanya mitihani ya bodi nikaanguka, nikarudia. Mwisho madamu Aikande akanichukua kwa majaribio. Ana ofisi ya ukaguzi wa hesabu Ifakara mjini, ghorofani, na upepo ukivuma pumba za mpunga huingia dirishani zikatua juu ya mafaili kama mvua iliyochoka. Yeye ni Mchaga. Alianza kama karani wa mizani kwenye mashamba ya miwa, akipima miwa mchana na kusoma usiku. Mwenzangu Kassian alikuwa fundi baiskeli, na mpaka leo hesabu kwake ama imekaza ama imelegea. Katika ofisi ile hakuna aliyekuja kwa njia iliyonyooka, na nadhani ndiyo sababu nilikubalika.

Siku moja madamu aliniita. Chama cha wafugaji wa upande wa Mbingu kilikuwa kinaomba mkopo wa kujenga josho, na benki ilitaka mkaguzi athibitishe mifugo ya wanachama.

"Kassian amekwenda, wamemkaribisha maziwa, wamemrudisha," alisema. "Wote wanasema watafuata atakavyofanya mzee Ngusa. Huyo si baba yako?"

"Ndiye."

"Mbuke, majaribio yako yanakwisha mwezi huu. Ukiimaliza kazi hii nakuthibitisha. Ukishindwa, sina mshahara wa kukuongezea muda. Nakwambia mapema ili tusije tukalaumiana."

Nilishuka ngazi. Watu wa mjini walinipita na baiskeli zao, nami niliwaona kwa mbali, kana kwamba wako ng'ambo ya maji.

Nilimkuta baba anakata kamba.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," aliitikia; mayu ni mama, ndivyo anavyoniita. "Umekonda."

"Ofisi imenituma."

"Nimesikia. Umetumwa kunihesabu."

"Si wewe, baba. Ni ng'ombe."

"Kuna tofauti gani?" Aliendelea na kamba yake. "Waliokuja na kalamu mara ya mwisho walihesabu kwanza, ndipo wakasema tumezidi, wakahamisha watu. Mwulize mfugaji mwenzangu Makoye kama ana jirani siku hizi. Hapana, mayu. Na benki waambie hivyo."

Nilikasirika. Sikumjibu vibaya, baba hajibiwi vibaya, lakini nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba nikang'oa majani ambayo hayakuwa na kosa lolote. Mitihani yote ile, na sasa natolewa kazini na ng'ombe walionisomesha! Nikasema moyoni kwamba mzee huyu ana kichwa cha jiwe, na kwamba nimekirithi.

Jua lilipokuwa linateremka upande wa bonde, kundi likarudi. Baba alisimama mlangoni pake. Treni alishazeeka. Binti Maswa alikuwa na mjukuu. Nilisikiliza kwa uvivu, nimeegemea ukuta, na majina yalipita masikioni pamoja na kwato na harufu ya maziwa, mpaka nikawa tena yule binti mwenye fimbo. Ndipo nikaamka. Nilisubiri afunge, nikamfuata.

"Baba, kuwaita ni kuwahesabu?"

"Kuwaita ni kuwaita."

"Basi nije na bosi wangu, uwaite hivi hivi, naye asikilize."

Nadhani alikuwa anatafuta mtego ulipo.

"Asinyooshe kidole," alisema.

"Hatanyoosha."

"Wala asitaje namba hapa zizini."

"Ataitaja wapi sasa?"

"Akaitaje huko kwake Ifakara. Huko si kwangu."

Madamu Aikande alicheka nilipomsimulia, kisha akaacha kucheka. "Nakubali," alisema. "Lakini sikiliza. Namba naweza kuihakikisha, majina siwezi. Kwa hiyo kila jina nitakalolisikia lazima nimwone ng'ombe wake anapita. Likitajwa jina lisilo na ng'ombe, kazi yote imeanguka, na wewe uliyeileta njia hii umeanguka nayo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, madamu."

Sikuwa na wasiwasi. Baba yangu namfahamu.

Tulifika mapema. Madamu alikuwa amevaa buti za mpira na kubeba kigoda chake mwenyewe, akamwamkia baba shikamoo, naye akaitikia bila haraka. Aliketi kando ya mlango, karatasi kwenye goti, kalamu chini, mikono ameikunja ili kidole kisimponyoke. Mimi nilisimama upande wa nje, na karatasi yangu. Chini yetu ukungu ulikuwa umeanza kuinuka kwenye majaruba, na yangeyange walikuwa wanarudi kwa makundi, weupe na wasio na sauti.

Kisha wakaja. Kwanza ulisikia kengele ya Treni, halafu vumbi, halafu pembe zikitoka ndani ya vumbi.

"Treni," baba aliita, na Treni akapita. Madamu akachora kistari. "Binti Maswa." Kistari. "Mawingu. Mchumba. Mwalimu. Kaa Hapa."

Aliita kwa sauti ile ile ya utoto wangu, ya chini, isiyo na haraka. Mimi nikaandika majina, madamu akachora vistari vyake, na baada ya muda hapakuwa tena na kazi, kulikuwa na mto wa migongo myekundu, myeusi na ya madoa unaopita baina yetu. Nilimwona madamu midomo inacheza. Alikuwa anarudia majina pamoja na baba bila kujua. Nilijisikia mwepesi. Niliiona barua yangu ya kazi, nikauona mwaka ujao na mitihani ya mwisho, vyote vikipita mlangoni kwa utaratibu mmoja mmoja. Nilitamani wasiishe.

Ndama wa mwisho akaingia akirukaruka. Njia ikabaki tupu, na vumbi likaanza kutua.

Baba hakufunga. Aliushika mti uleule, akitazama njia.

"Sabuni," aliita.

Hakuna aliyepita.

"Kivuko."

Kalamu ya madamu ilisimama.

"Bibi Harusi. Asante. Mawingu wa Kwanza."

Kila jina alilipa nafasi yake, nafasi ya ng'ombe mzima kupita, na kila mara njia ilikuwa tupu. Nilikuwa nimevisikia vimya vyote vile, likizo baada ya likizo, na sasa alikuwa anavijaza, mbele ya mtu ambaye sikutaka kabisa avisikie.

Madamu hakumtazama baba. Alinitazama mimi.

"Mbuke, hao wa mwisho wako wapi?"

Jibu jepesi lilikuwepo, na ninakiri kwamba lilikuwa tamu. Wasukuma tunaachiana ng'ombe, huyu anamtunzia yule. Ningesema wako kwa Makoye, na madamu angechora vistari vyake, na baba asingeonekana mwongo mbele ya mgeni, na mimi ningekuwa na kazi. Makoye mwenyewe angeitikia kabla hujamaliza kumwuliza. Nilimwangalia baba. Alikuwa bado anatazama njia, hana habari nasi, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Nilimpenda mno wakati ule mpaka nikashindwa kumdanganyia.

"Hawapo, madamu," nikasema. "Waliuzwa. Ndio niliosomea."

Ndani ya zizi ng'ombe walikuwa wanajipanga kulala, wakihema.

"Wote?"

"Wote hao. Sabuni ni muhula wa kwanza. Wengine unaweza kuwafuata hivyo hivyo hadi mwisho wa chuo."

"Na kabla yao? Kuna jina lililopita bila ng'ombe?"

"Hakuna hata moja. Umewaona mwenyewe."

"Nimewaona." Aliangalia karatasi yake, akaangalia njia tupu. "Hawa huwezi kuwaandika, Mbuke."

"Siwaandiki."

Nilikuwa nimeshaanza kuandika Sabuni kwa mazoea ya mkono. Nilimkata kwa mstari mmoja, vizuri, asomeke bado, kama tunavyofundishwa, nikaandika pembeni kwamba yeye na wenzake wametoka, nikaweka saini yangu ndogo. Machozi yaliniangukia karatasini na sikuyafuta. Madamu akainuka, akachukua kigoda chake.

"Kesho uje na vyeti vyako," alisema. "Nitaandika barua yako ya kazi. Jina lisilo na ng'ombe umelikata mwenyewe. Kazi hii imekaza, kama asemavyo Kassian." Akamuaga baba kwa heshima, akatembea kuelekea kwenye gari bila kunisubiri.

Nilibaki nje ya mlango. Giza lilikuwa linaingia kutoka bondeni, pamoja na ukungu, na baba alionekana nusu tu, mkono na ule mti. Yeye alikuwa amewaita wakiwa hai, mimi nikawakata.

"Baba, wale wa mwisho nimeandika kwamba wametoka."

"Umeandika vizuri. Walitoka."

"Sasa mbona umewaita?"

"Anayetoka si hurudi jioni?" Aliuliza kama mtu anayeuliza jambo la kawaida kabisa, labda kama mvua itanyesha. "Umemaliza kuandika?"

"Nimemaliza, baba."

"Basi ingia, nifunge."

Nikaingia.