Sukuma za Kumwongezea Damu

Mnisikie vizuri: mimi sikutaka ng'ombe wetu Tamu alishwe zile sukuma wiki. Ni Naftaly, mume wangu, aliyeamua. Mvua iliharibu barabara, lori za mboga zikakataa kupanda huku Mau Narok, na shamba letu lote lilikuwa limekomaa. "Zioze na tuko na ng'ombe?" akaniuliza. Akishaamua huyo, wewe nyamaza tu.

Na Tamu hakuwa ng'ombe wa kuchezewa. Dada yangu alifariki akijifungua, akaniachia Wangu, mtoto wa miezi mitatu sasa. Maziwa ya kopo tunayaona dukani tu. Ya Tamu ndiyo yaliyomweka hai.

Basi Tamu akala sukuma asubuhi, mchana, jioni, hakuna nyasi. Wiki chache hivi, akakojoa mkojo wa rangi ya kahawa. "Kupe hao," Naftaly akasema, akamdunga dawa ya kupe mwenyewe. Wapi! Maziwa yakakauka, ufizi ukawa mweupe pe, akisimama tu anahema.

"Ameishiwa damu," majirani wakasema. Na si mnajua kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu? Na aliyepungukiwa damu huambiwa ale nini? Sukuma! Kila aliyekuja kumwona Tamu alikuja na mzigo mgongoni. Mama Shiru, jirani wa hapo chini, alimlisha kwa mkono akimbembeleza, "Kula, mama, kula." Na Tamu, maskini, akawa anakula.

Daktari wa mifugo, Kimeli, alipofika, alifunua kope la Tamu, akaangalia hori, akajishika kichwa.

"Sukuma ina kitu cha kujilinda isiliwe," akatuambia. "Sisi tunakula kidogo, haitusumbui. Ng'ombe akijazwa hiyo tu kila siku, tumbo lake linakigeuza kuwa sumu, na sumu inapasua chembe za damu. Kupe gani? Toeni zote!"

Tukatoa mbio. Mchana huo huo Tamu akalala chini, hakuamka tena. Alikuwa na ndama tumboni.

Nilitamani kumpiga Naftaly na jembe, haki ya Mungu. Lakini alikuwa amekaa kwenye matope, ameshika sikio la Tamu, analia. Nikaingia ndani nikampa Wangu uji mwepesi. Akautema.

Ndipo Mama Shiru akafika mlangoni na mzigo, hajasikia lolote. "Nimemchagulia zile laini," akasema. "Leo lazima damu ipande."

Nikapokea ule mzigo, nikamwambia asante. Wangu alikuwa bado analia.